Tuzungumze na Mtoto kwa Lugha ya Nyumbani



Katika familia nyingi za miji yetu ya Kivu, mzazi anayetaka kumsaidia mtoto wa shule ya chekechea, ile tuiitayo materneli, hufanya mambo mawili: hununua daftari, na hukataza Kiswahili nyumbani. Mtoto wa miaka minne huketishwa jioni ataje rangi, siku za juma na namba kwa Kifaransa, akikosea, hukemewa. Sisi tuliosomea ualimu na tunaofundisha katekisimu parokiani twaiheshimu nia ya wazazi hao. Njia yao, hata hivyo, twaona haifai.

Mtoto mdogo hujifunza neno na jambo kwa pamoja: huona, hugusa, huuliza, naye hupewa jina la kitu alichokigusa. Anayejua kwa lugha ya mama yake maana ya juu na chini, nyingi na chache, jana na kesho, akiyasikia kwa Kifaransa atajifunza jina jipya tu, kwa kuwa maana anayo tayari. Bali aliyekaririshwa namba hadi ishirini, asijue kwamba tano ni nyingi kuliko tatu, amebeba mfuko mtupu. Tena mzazi mwenye Kifaransa cha kuokoteza, akijilazimisha kukitumia peke yake, husema machache: njoo, keti, kula, nyamaza. Hapo mtoto hunyimwa hadithi na maelezo ambayo mzazi huyohuyo angeyatoa kwa ufasaha kwa Kiswahili, kwa Kishi au kwa lugha nyingine ya nyumbani.

Hatukipigi vita Kifaransa. Ni lugha rasmi ya nchi, mtoto atakihitaji, na mzazi anayekisema vizuri na akitumie kwa furaha. Lakini Katiba ya 2006 imekitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Kwa nini nyumba iionee aibu lugha ambayo nchi imeipa heshima?

Wazazi hutujibu kwamba wamelipa ili mtoto ajue Kifaransa. Neno hilo lina uzito. Elimu bila malipo iliyoanza Septemba 2019 inahusu shule za msingi za umma; kwa materneli wazazi wengi wangali wanalipa, na wasioweza humweka mtoto nyumbani hadi afikie darasa la kwanza. Ndiyo sababu twasisitiza kwamba msaada ulio bora haununuliwi. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika tamko lake la 1965 kuhusu malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Haukusema wazazi waliosoma, wala wazazi wenye fedha. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inapowaagiza Waisraeli kuwafundisha watoto wao, haitaji jengo wala daftari. Inataja mazungumzo: nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka.

Basi mama anapochagua maharage, mtoto na atenge mazuri na mabaya, ahesabu kumi, aondoe mawili. Sambaza zikiletwa kutoka sokoni, azipange kubwa na ndogo. Chakula kikiiva, ampe kila mtu kijiko kimoja, aseme vimepungua vingapi. Njiani kwenda Misa, aeleze tutapita wapi kwanza na wapi baadaye. Umeme ukikatika jioni, ategewe kitendawili, asimuliwe hadithi, na kesho yake aisimulie yeye. Achore kwa kijiti mchangani na ajifunge vifungo mwenyewe, kwa maana mkono huo ndio utakaoshika kalamu. Na akiuliza mvua yatoka wapi, asiambiwe anyamaze.

Twawaandikia ninyi vijana kwa sababu mara nyingi mama yuko sokoni tangu alfajiri na baba yuko kazini. Mtoto akirudi kutoka materneli anakukuta wewe, kaka au dada. Wewe ndiwe unayemjibu au kumfukuza. Simu yako yaweza kumnyamazisha kwa saa mbili, lakini simu haimsubiri atafute neno lake, wala haimuulizi kwa nini amecheka.

Tukumbuke pia kwamba Machi 2020 korona ilifunga shule za nchi nzima, na mwanzoni mwa 2025 vita vilifunga shule za Goma na Bukavu. Siku hizo watoto wengi hawakuwa na mwalimu ila wale waliokuwa nao nyumbani. Mtoto aliyezoea kuongea na watu wake huendelea kujifunza hata mlango wa darasa ukifungwa.

Twapendekeza jambo moja kwa kila kikundi. Kabla ya mkutano ujao, kila kijana ajifunze kwa bibi, babu au mzee wa jumuiya hadithi moja na vitendawili vitatu, kisha ampelekee mtoto mdogo wa kwao au wa jirani, hasa yule ambaye hajapata nafasi ya materneli. Tukikutana, tuelezane watoto hao walituuliza nini. Maswali yao ndiyo yatakayotuonyesha kama wamejifunza.