Matembezi ya Familia Yasiyongoja Gari



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuisimamisha milima, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Miongoni mwa masuala yaliyotufikia ni la mama mmoja wa jamaa zetu wa pwani waliohamia Kitengela. Asema walipokuwa Mombasa walizoea kwenda Mama Ngina baada ya Alasiri kupunga upepo, watoto wakicheza na wazee wakizungumza. Tangu wahamie bara, huu ukiwa mwaka wa nne, watoto hawajui ila skuli, madrasa na ngazi za jengo walilopanga. Kila amwombapo mumewe watoke japo siku moja, jawabu ni lile lile: tungoje tupate gari. Auliza: je, mke akosea kudai jambo hili? Na familia yenye heshima yaweza kwenda matembezi kwa matatu?

Dada yetu, hukukosea. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akienda msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara amepanda mnyama, mara kwa miguu. Kweli, yeye alikwenda kwa ibada, nasi hatulinganishi kilima na Quba. Lakini tutazame ada yenyewe: siku maalumu ya wiki, na kutumia chombo kilichopo, kisipokuwapo miguu. Na Abu Dawud amepokea kwamba walipokuwa safarini alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na baadaye, alipokwisha kunenepa, Mtume (s.a.w.) akamshinda. Basi ni mume gani atakayeona kucheka na mkewe njiani kunampunguzia heshima? Nayo Suratul Ghaashiya inatuelekeza tumtazame ngamia, mbingu, milima na ardhi. Mtoto atatazamaje milima ikiwa hajatolewa nje?

Tena jamaa wa Kitengela mmekaa mahali penye milima ya kutazamwa. Kaunti yenu ya Kajiado ndiyo yenye Vilima vya Ngong, ambavyo wageni huja kutoka mbali kuvipanda. Nitaeleza njia yake, ili baba asije akasema haijui.

Tokeni Jumamosi baada ya swala ya Alfajiri na staftahi. Matatu za nambari 110 huwafikisha Nairobi, mwendo wa kama kilomita 30. Hapo mtachukua za nambari 111 hadi mji wa Ngong, kama kilomita 25 nyingine. Ulizeni nauli kabla ya kupanda, kwani mvua ikinyesha au jioni ikiingia hupanda. Mama akae dirishani, watoto kati, na baba upande wa njia. Hivyo hapana atakayesukumwa na mtu. Kutoka mjini hadi lango la msitu ni mwendo wa kupanda, na wenye watoto wadogo ni bora wachukue teksi. Langoni mtalipa kiingilio cha Huduma ya Misitu, basi simu iwe na pesa na chaji.

Mkiingia, kitu cha kwanza kuwapokea ni upepo, na mitambo mirefu meupe inayougeuza upepo huo kuwa umeme. Ni mali ya shirika la KenGen. Miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993, na leo kituo kizima kina uwezo wa megawati 25.5. Mwambieni mtoto kwamba upepo uliowapeleka mababu zake kwa majahazi kutoka Lamu hadi Maskati ni neema ile ile inayowasha taa hapa.

Mgongo wa vilima umelala kutoka kaskazini hadi kusini, vilele saba vikifuatana, njia yote kama kilomita 11 hadi Kona Baridi. Mkielekea kusini, kuliani ardhi inashuka ghafla katika Bonde la Ufa, bonde juu ya bonde, hata jicho linachoka. Kushotoni ni majumba ya Nairobi, na baada yake nyanda za Athi-Kapiti zinazoelekea nyumbani kwenu. Kilele cha Lamwia, kilicho kirefu kuliko vyote, kina mita 2,460 juu ya bahari. Mtu wa pwani atahisi pumzi fupi. Aende polepole wala asione haya kukaa. Hapana lazima ya kumaliza vilele vyote. Wenye watoto wafike cha pili au cha tatu, wale, wapumzike, warudi kwa njia waliyojia. Wanaotaka kufika Kona Baridi watakuta barabara ya Magadi na matatu za kurudi Kiserian.

Mambo matatu msiyapuuze. Kwanza, msiende familia moja peke yenu. Patanisheni nyumba tatu au nne, na langoni mwombe askari wa misitu awasindikize kwa malipo yake, kwani sehemu za mbele ni upweke. Pili, mavazi: viatu vya raba, sweta, suruali pana chini ya buibui, na mtandio ufungwe kwa pini, maana upepo wa huko hauna adabu. Tatu, takataka zenu zirudi nanyi mfukoni. Chukueni mahamri, mbaazi na chai ya chupa, na maji ya kutosha kunywa na kutawadha.

Ama swala, wengi hudhani kila atokaye mjini ni msafiri. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, safari ya kupunguza na kukusanya swala ni ya marhala mbili, yaani zaidi ya kilomita 80 kwenda. Kitengela hadi Ngong haifiki. Basi Adhuhuri ni rakaa nne, kwa wakati wake. Kibla katika nchi hizi ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Kwa hiyo aliyekuwa akielekea kusini amekipa Kibla kisogo, na wakati ukiingia ageuke nyuma. Tandikeni leso mahali pasipo kinyesi cha ng'ombe, baba atangulie, familia isali jamaa. Lakini mwenye kupanda treni kituo cha Athi River kushuka Mombasa, huyo ni msafiri, na ruhusa hiyo ni yake.

Kwa wazee na wasioweza kupanda, iko njia nyepesi: matatu ya barabara ya Namanga hadi mji wa Kajiado, kama kilomita 50, kupitia Isinya. Hapo matembezi ni dirishani: malisho, ng'ombe, wachungaji, na asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Jina la mji huo latokana na Kimaasai, maana yake mto mrefu. Wafundisheni watoto kuwaamkia wenyeji kwa "Sopa", wala wasiingie shamba la mtu bila ruhusa. Ardhi hiyo ina wenyewe.

Sasa neno kwa baba. Gari ni neema, na Mungu akupe. Lakini mtoto wa miaka minane hangoji. Gari likija baada ya miaka mitano, utakuta ana rafiki zake na simu yake, na hataki tena kufuatana nawe. Nauli ya siku moja utaipata kwa kuweka kidogo kidogo mwezi mzima. Mkeo hakukuomba gari. Amekuomba Jumamosi moja. Mpe.

Mwenyezi Mungu atujaalie majumba yenye mapenzi, atuhifadhi barabarani, aturudishe salama kwa watu wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.