Usichague epoksi kwa kuangalia mng'ao

Wadau, hii ni kwa wote mnaotengeneza vitu kwa mkono, mnavipaka epoksi halafu mnauza mtandaoni. Mimi naongelea vyambo bandia vya kuvulia samaki kwa sababu ndiyo kazi yangu, ila ukiuza vishikizo vya funguo au trei za mbao utajiona humu humu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Epoksi ya bei rahisi siyo inayotuharibia biashara. Kinachotuharibia ni kutumia epoksi isiyo ya kazi hiyo, na kutuma mzigo kabla haijakomaa.

Kwa asiyejua, chambo bandia ni kisamaki cha mbao au plastiki chenye ndoano tumboni na mkiani. Unakirusha, au unakiburuza nyuma ya boti, samaki mkubwa anadhani ni mlo. Ziwa Victoria watu wanatafutia sangara, pwani wanatafutia nguru, kolekole na jodari. Vya kiwandani vinatoka nje na bei yake siyo ya kila mvuvi, ndiyo maana sisi wa mbao tunapata oda.

Shida ni kwamba kwenye simu mteja anaona mng'ao tu. Na siku ya kwanza kila kitu kinang'aa. Gundi ya dakika tano inang'aa, resini ya meza inang'aa, hata vanishi ya makochi inang'aa. Tofauti inaonekana chambo kikigonga mwamba, meno ya nguru yakipita juu yake, na maji yakipata tundu. Maji yakiingia, mbao inavimba, epoksi inapasuka, rangi inabanduka, na chambo kinaanza kuogelea kiubavu. Wateja huniletea vya hivyo walivyonunua kwingine, wakiuliza kama vinatengenezeka. Mbao ikishavimba hakuna cha kuokoa zaidi ya ndoano.

Basi tuangalie zilizopo sokoni moja moja.

Gundi ya epoksi ya dakika tano. Hii iache kwenye kugundisha. Inaganda kabla hujamaliza kupaka vyambo viwili, inabaki na mistari ya brashi, inakuwa njano haraka juani, na haivumilii maji kama zile za taratibu. Mimi naitumia kushikia mdomo wa plastiki wa chambo, basi.

Resini ya kumimina, ile ya meza na trei. Imetengenezwa ikae kwa unene kwenye kibati. Ukiipaka nyembamba kwenye kitu cha mviringo inachuruzika, na inaweza kubaki laini siku nyingi, kwa sababu epoksi inajipa joto lake yenyewe ikiwa nyingi mahali pamoja. Kwa trei ni sahihi. Kwa chambo utahangaika.

Epoksi ya kupaka tabaka jembamba. Hii ndiyo chaguo langu. Ni zile za kufunikia juu ya meza au za kumalizia nyuzi za fimbo za kuvulia. Zinakauka taratibu, zinajisawazisha zenyewe, na hazikauki kuwa ngumu kama kioo, kwa hiyo chambo kikigonga jiwe hazipasuki ovyo. Soma kopo: tafuta muda mrefu wa kufanyia kazi na maneno ya kinga dhidi ya jua. Kinga hiyo inachelewesha unjano, haiuzuii milele, kwa hiyo usimwahidi mteja kwamba hautatokea.

Resini ya taa ya UV. Haina kuchanganya, inaganda kwa dakika chache. Nzuri kwa vyambo vidogo na kwa mwenye haraka. Lakini nyingine ni kavu sana, zinameguka. Na kwa jua letu usiipakie karibu na dirisha, itaganda kwenye brashi.

Vanishi ya polyurethane. Siidharau. Ni nyembamba, inataka tabaka nyingi, lakini kwa chambo cha bei ya chini inafaa, mradi utangaze kwamba ni vanishi. Ile ya magari ya kuchanganya na hadina ni ngumu na nzuri, ila moshi wake ni hatari kwa mapafu. Kama huna barakoa ya kemikali na sehemu ya wazi, mpelekee fundi rangi.

Ukishachagua, kuna mambo ambayo hali ya hewa yetu haikusamehe.

Joto linafupisha muda wa kufanyia kazi. Kopo likisema dakika 30, maana yake kwenye chumba cha baridi kidogo, siyo chini ya bati saa nane mchana. Changanya kidogo kidogo, na ukimaliza kuchanganya imwage kwenye kisahani kipana. Ikibaki kwenye kikombe inachemka yenyewe na kuganda.

Unyevu unaleta utando wa nta juu ya epoksi. Ukipaka tabaka la pili juu ya huo utando halishiki. Osha kwa maji na sabuni, kausha, piga msasa laini, ndipo upake. Siku za masika mimi napaka mchana, siyo usiku.

Kipimo fuata kopo lenyewe. Moja kwa moja kwa ujazo siyo moja kwa moja kwa uzito, kwa sababu mara nyingi resini ni nzito kuliko hadina. Kama kopo linasema ujazo, tumia mabomba ya sindano, moja la resini na lingine la hadina, usiyabadilishe. Na usiongeze hadina eti ikauke haraka. Itabaki inanata, na chambo kinachonata hakiuziki.

Mbao izibe kwanza, pamoja na matundu ya pete za ndoano. Mbao isiyozibwa inatoa hewa, na hiyo hewa ndiyo mapovu unayoyaona. Kabla ya kupaka futa kwa spiriti, kisha usiguse kwa mkono mtupu, mafuta ya vidole yanafanya epoksi ikimbie. Vaa glovu kila mara. Mzio wa epoksi ukishakuingia kwenye ngozi hautoki, na hapo biashara umeifunga.

Kisha kigeuze chambo polepole mpaka kigande, la sivyo tumbo linakuwa nene na mgongo mtupu. Mota ya sahani ya maikrowevu mbovu inafaa, inazunguka taratibu sana. Ila mwachie fundi aitoe, maana ndani ya maikrowevu kuna kifaa kinachotunza umeme hata ikiwa imechomolewa, na mota yenyewe mara nyingi inatumia umeme wa ukutani.

Sasa nije kwenye hela, ambapo wengi tunabishana. Kuna wauzaji wanasema mteja hajui epoksi, anajua bei. Tupige hesabu. Tuseme seti ya sh 60,000 inapaka vyambo 60, hiyo ni sh 1,000 kwa kimoja. Ukipata ya sh 30,000 umeokoa sh 500. Kimoja kikirudi kutoka Mwanza unalipa nauli ya kifurushi kwenye basi kwenda na kurudi, unatoa kingine bure, na picha ya chambo kilichopasuka inabaki kwenye maoni ya posti yako. Sh 500 uliyookoa hailipi hata kimoja cha hivyo.

Hata hivyo hoja yao ina ukweli. Mteja kweli hawezi kukuuliza jina la epoksi. Ndiyo maana mimi naona kazi ya kumwambia ni yetu. Kwenye kila tangazo andika mistari mitatu: kimepakwa nini, tabaka ngapi, na lini kilipakwa. Huo wa tatu ndio unaokubana. Epoksi nyingi zinashikika baada ya siku moja, lakini ugumu kamili unachukua karibu wiki. Ukikifunga kwenye nailoni siku ya pili kitafika na alama za nailoni mgongoni. Mteja akisema "nataka leo", mwambie tarehe ya kweli. Wachache watakwenda kwa mwingine. Mvuvi anayesafiri kilomita nyingi kwenda majini hataki chambo kimfie mkononi, na akishakuamini anarudi na wenzake.

Kwa hiyo siku saba ziweke kwenye bei na kwenye ahadi yako, kama unavyoweka mbao na rangi.

Wewe unapaka nini, na unasubiri siku ngapi kabla ya kutuma? Andika hapo chini, na mkoa uliopo, maana unyevu wa Tanga siyo wa Dodoma.