Mzoga wa Mtoni Haujui Mpaka

Mto Ishasha hutenga Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Edward. Kwa askari wa doria mto huo ni mpaka: upande mmoja Mbuga ya Taifa ya Queen Elizabeth, upande wa pili Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Kwa kiboko mpaka huo haupo. Yeye hushinda majini mchana kutwa, na usiku hupanda ukingo wowote wenye majani. Ndiyo maana maradhi yanayompata ni jambo la serikali zote mbili, na ni jambo la kila jamaa inayoteka maji au kunywesha mifugo mtoni humo.

Mwezi wa Aprili 2025 hayo yalidhihirika waziwazi. Katika Hifadhi ya Virunga viboko wasiopungua 50 walikutwa wamekufa, pamoja na nyati, na mizoga ikaonekana ikielea mtoni. Vipimo vilithibitisha kuwa ni kimeta. Walinzi wa hifadhi walijitahidi kuiopoa mizoga na kuizika, lakini kazi ilikuwa nzito, kwani hapakuwa na njia za kupitishia mashine za kuchimbia. Wakazi walionywa wasiwaguse wanyama wa porini na wachemshe maji. Uganda nayo inaufahamu msiba huo: katika miaka ya 2004 na 2005 kimeta kiliua viboko takriban 300 katika Mbuga ya Queen Elizabeth, na mwaka 2010 kikazuka tena.

ADUI ALIYEJIFICHA ARDHINI

Yafaa ieleweke kwa nini maradhi haya hurudi. Kijidudu cha kimeta, kikiwa ndani ya mzoga ambao haujapasuliwa, kwa kawaida hufa mzoga unapooza. Lakini mzoga ukipasuliwa, damu ikakutana na hewa, kijidudu hicho hujivika ganda gumu na kugeuka mbegu. Mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi bila kufa, zikistahimili jua, mvua na baridi. Wakati wa kiangazi, majani yanapokuwa mafupi na madimbwi yanapopungua, mnyama hula majani pamoja na udongo, na maradhi huanza upya. Viboko nao hubanana katika maji machache. Tena watafiti wamewaona wakila nyama ya wenzao waliokufa, jambo linalozidi kueneza maambukizi.

Basi kisu cha mtu mmoja anayechuna mzoga leo chaweza kuwaachia ardhi yenye sumu wachungaji ambao bado hawajazaliwa.

DALILI ZA KUJIHADHARI NAZO

Mnyama mwenye kimeta aghalabu hufa ghafla, hata kama jana alionekana mzima. Mwili hufura upesi na mara nyingi haukakamai. Damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Anayeona dalili hizi hapaswi kuugusa mzoga, kuuburuta wala kuupasua kutafuta sababu ya kifo. Kazi yake ni kukumbuka mahali, kuwazuia watoto, mbwa na mifugo wasikaribie, na kumwarifu mlinzi wa mbuga, bwana mifugo au kituo cha polisi.

Binadamu huambukizwa zaidi kwa njia ya ngozi, anapochuna au kubeba nyama na ngozi ya mnyama aliyekufa. Huanza kipele kinachowasha, kisha huwa kidonda kisichouma sana chenye kigaga cheusi katikati. Anayekula nyama hiyo hushikwa na homa, maumivu ya tumbo, kutapika na pengine kuhara damu. Anayevuta mbegu hizo kwa pumzi huwa katika hatari kubwa zaidi. Dawa za kuua vijidudu zipo na huponya, mradi mgonjwa afike hospitali mapema na amweleze daktari kwamba aligusa au alikula nyama ya mzoga. Aibu ya kulificha hilo imewahi kugharimu maisha.

Mama wa nyumba naye asitegemee moto wa jikoni. Mbegu za kimeta ni ngumu, na mchemko wa kawaida wa chungu si hakikisho la kuziua. Tena hatari huanza kabla ya chungu, juu ya ubao wa kukatia na mikononi mwa anayekata. Nyama isiyojulikana ilikochinjwa, hata ikiletwa kama zawadi, irudishwe. Wahenga walisema: tamaa mbele, mauti nyuma.

HABARI ITANGULIE MAJI

Kwa kanuni za Shirika la Dunia la Afya ya Wanyama, nchi inapozukiwa upya na maradhi kama haya hupaswa kuliarifu shirika hilo katika muda wa saa 24. Kwamba ulinzi wa namna hii huzaa matunda, sotoka ni ushahidi. Maradhi hayo yaliyoangamiza ng'ombe na nyati wa Afrika yalionekana mara ya mwisho kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Ng'ombe walichanjwa nchi baada ya nchi, na damu ya wanyama wa porini, ambao hawakuchanjwa, ikapimwa ili kuthibitisha kuwa adui ametoweka. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha.

Kimeta hakitang'olewa kwa njia hiyo, kwa kuwa kimelala ardhini. Kinaweza kuzuiwa tu, na kizuizi huanza kwa askari wa doria anayeuona mzoga wa kwanza ukingoni. Akitoa habari siku hiyohiyo, bwana mifugo wa pande zote mbili atapata nafasi ya kuchanja ng'ombe na kuwaonya wakazi. Akinyamaza, au akichukua paja moja kwa ajili ya kitoweo, mto utaendelea kushuka ziwani, na maradhi yatawafikia watu kabla ya onyo.