Uvimbe wa Taya na Haki ya Kujua Jina la Ugonjwa

Taya la mtu linapovimba, neno la kwanza linalotamkwa ni jino. Mara nyingi neno hilo ni sahihi. Hatari huanza pale jino linapokwisha kung'olewa, uvimbe ukabaki, na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila yeyote kuuliza tena.

Miongoni mwa magonjwa yanayojificha nyuma ya neno hilo imo kondrosakoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza gegedu. Aghalabu huota katika mifupa ya nyonga, ya paja na ya mbavu. Katika taya ni nadra sana. Huweza kukua polepole, pasipo maumivu makali, huku meno yakilegea. Tiba yake kuu ni upasuaji unaoondoa uvimbe wote pamoja na sehemu ya mfupa mzima unaouzunguka, kwa kuwa aina iliyo ya kawaida haisikii sana dawa za saratani wala mionzi. Yakiachwa mabaki, uvimbe hurudi. Kwa hiyo anayecheleweshwa hulipa kwa mwili wake: palipotosha kuondoa kipande cha taya, baadaye huondolewa sehemu kubwa ya uso, au kisu hushindwa kabisa.

Afrika Mashariki ina fundisho lake katika jambo hili. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Hakustaajabu tu akapita. Alifuatilia habari za watoto wengine, na mwaka 1958 akaandika juu yao, akiuita ugonjwa huo sakoma ya taya. Baadaye hadubini ilionyesha kuwa ni limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili. Jina lilipobadilika, na tiba ilibadilika: limfoma hiyo hutibiwa kwa dawa, wala si kwa kisu, na watoto wengi wanaotibiwa mapema na kikamilifu hupona. Nyuso mbili zilizovimba zaweza kufanana, lakini moja yahitaji dawa na nyingine yahitaji mpasuaji. Asiyepimwa hubahatishwa.

Wapo wasemao kwamba nchi maskini haiwezi kuhangaika na ugonjwa wa watu wachache. Sisi hatukubali. Mgonjwa hakuchagua uchache wake, wala hatudai mashine za thamani katika kila zahanati. Twadai jambo la kiasi: uvimbe wa taya usiopungua wiki mbili au tatu baada ya jino kung'olewa usipuuzwe, mgonjwa apelekwe hospitali, apigwe picha ya eksirei, na kipande cha uvimbe kichunguzwe kwa hadubini kabla ya kukata zaidi. Gharama ya kipimo hicho isiwe ukuta kati ya maskini na ukweli wa mwili wake.

Nasi majirani tuna wajibu wetu. Tuchangie nauli, tumsindikize mgonjwa, tumkumbushe siku za kurudi kuchunguzwa. Aliyekatwa taya, ambaye uso wake umebadilika na kutafuna kumekuwa taabu, asifichwe uani wageni wanapofika. Apikiwe chakula laini, akae barazani pamoja nasi, na asikilizwe hata kama maneno yake hayatoki wazi. Uchache wa ugonjwa haupunguzi utu wa mgonjwa.