Namba za bidhaa kubadilika 2028: mwagizaji mdogo ndiye aliye hatarini

Tarehe 1 Januari 2028 litaanza kutumika toleo jipya la mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Kwa mfanyabiashara wa Kigali, Bujumbura au Kampala ambaye shehena yake hupitia Mombasa au Dar es Salaam, namba hizo si shughuli ya makarani pekee. Ndizo zinazoamua iwapo bidhaa italipiwa asilimia 0, 10, 25 au 35, viwango vikuu vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima. Mbili zinazofuata huwekwa na Jumuiya. Toleo la 2022 lilifuta namba 8517.12, iliyobeba simu zote za mkononi, likaweka 8517.13 kwa simu janja na 8517.14 kwa nyingine. Ndege zisizo na rubani, zilizozua ubishi kama ni ndege au kamera, zikapewa kichwa chao, 88.06. Jumuiya ililianza toleo hilo Julai 1, miezi sita baadaye. Katika pengo kama hilo, ankara kutoka ng'ambo yaweza kubeba namba ambayo forodha ya hapa haijaitambua, na kontena likisubiri bandarini, gharama za kuhifadhi huendelea kuhesabiwa.

Safari hii virutubisho vya lishe vinapata kichwa cha pekee. Ni uwanja wa mvutano wa siku nyingi, kwani dawa kwa kawaida hazitozwi ushuru wa forodha, ilhali vyakula vilivyosindikwa hutozwa.

Wengi humwachia wakala wa forodha kila kitu. Hilo ni kosa: sheria ya forodha ya Jumuiya humfanya mwenye mali awajibike kwa matendo ya wakala wake. Afadhali aorodheshe mapema bidhaa zake kwa malighafi na matumizi, si kwa jina la dukani, kisha aombe mamlaka ya mapato uamuzi wa maandishi kabla ya kuagiza. Wauzaji nje nao wakague vyeti vya uasili, maana namba isiyolingana na tamko yaweza kuwanyima nafuu ya ushuru.

Asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 kuomba upitiwe upya, naye hupaswa kuomba kwa maandishi akieleza sababu zake.