Kamera haijui Obama alikuwa anaangalia nini

Wadau, kuna neno moja ambalo kama ningekuwa na madaraka kwenye chumba cha habari ningelipiga marufuku kwenye maelezo ya picha: "akimkodolea". Lipigwe marufuku pamoja na ndugu zake wote: akimtazama kwa dharau, akimtupia jicho la husuda, akimwangalia kwa uchu. Tunayaandika kana kwamba kamera inaingia ndani ya kichwa cha mtu.

Chukueni kisa kilichozunguka dunia nzima. Tarehe 9 Julai 2009 viongozi wa G8 walikuwa L'Aquila, Italia. Wakati wanajipanga kupiga picha ya pamoja, ikatoka picha ya Barack Obama, wakati huo Rais wa Marekani, kainamisha kichwa, na karibu yake binti mmoja kaipa kamera mgongo. Pembeni yupo Nicolas Sarkozy wa Ufaransa anatabasamu. Basi, gumzo! Mume wa mtu kakamatwa anakagua maumbile ya binti. Magazeti yakachapa, watu wakacheka, hukumu ikapita.

Halafu ukaonyeshwa mkanda wa video wa tukio lilelile. Humo Obama anashuka ngazi, anageuka, anampa mkono mwanamke mwingine ili kumsaidia kushuka. Macho yaliyoonekana "yametua" yalikuwa njiani tu. Picha haikuchezewa na mtu. Uongo tuliuongeza sisi tulioitazama.

Kwa nini tunadanganyika kirahisi hivyo? Kwa sababu tunajiamini mno katika kusoma macho ya watu. Mwaka 1824 mwanasayansi wa Uingereza, William Hyde Wollaston, alionyesha jambo la ajabu kwa kutumia michoro. Alichukua macho yaleyale yaliyochorwa, akayabadilishia pua na sehemu nyingine ya uso. Macho hayakuguswa, lakini uso ukielekea upande huu unaona mtu anatazama huku, ukielekea upande ule unaona anatazama kule. Maana yake ni kwamba hatusomi mboni peke yake. Ubongo unachanganya mboni, pua na kichwa kilivyokaa, unakisia, kisha unatupa jibu kama vile una uhakika.

Na picha ni bapa. Mtu aliye karibu na kamera na kitu kilicho hatua kumi nyuma yake vinabanana kwenye karatasi moja. Ukimwona mtu anaelekeza uso upande wenye watu watatu, utamchagua yule anayenogesha hadithi.

Kuna na hili. Mwaka 2013 watafiti Isabelle Mareschal, Andrew Calder na Colin Clifford walionyesha kuwa macho ya mtu yasipoonekana vizuri, tunaelekea kuamini kwamba anatutazama sisi. Pale ambapo hatuoni, tunajazia. Ugomvi mangapi wa baa umeanza na "wewe unaniangalia nini?" ilhali jamaa alikuwa anaangalia mpira kwenye televisheni?

Desemba mwaka huohuo, kwenye ibada ya kumuaga Nelson Mandela kule Johannesburg, Obama alipigwa picha akijipiga selfie na mawaziri wakuu wa Denmark na Uingereza, Michelle kakaa pembeni kauchuna. Dunia ikasema mke kanuna kwa wivu. Mpiga picha mwenyewe, Roberto Schmidt wa AFP, alikuja kueleza kuwa sekunde chache kabla Michelle alikuwa anataniana na hao hao waliomzunguka, na ule uso ulinaswa kwa bahati tu.

Najua kuna mhariri atasema, "Dogo, picha bila chumvi haiuzi." Sawa mkuu. Ila Obama alikuwa na bahati ya kuzungukwa na kamera za televisheni. Fikiria dada wa Mbagala aliyepigwa picha msibani kwa simu, sekunde moja tu, ikarushwa kwenye makundi ya WhatsApp na maneno "muoneni anavyomtolea macho mume wa mtu". Yeye mkanda wa kumtetea ataupata wapi? Ndoa ikivunjika, aliyeandika maneno yale atakuwa keshahamia kwenye picha nyingine.

Pendekezo langu ni dogo. Maelezo ya picha yaseme nani, wapi, lini, anafanya nini. Ukitaka kusema alikuwa anaangalia nini, muulize mwenyewe, au rudi kwenye picha za kabla na za baada ya ile. Mpiga picha anazo kibao kwenye kamera yake. Ukikosa vyote viwili, andika kilichopo ukomee hapo. Na wewe msomaji, kabla hujairusha kwa mwenzako, jiulize: haya macho nayaona kweli, au nimeyasomewa na aliyeandika chini ya picha?

Naomba kuwasilisha.