Presha ya UE Inatengenezwa Ofisini

Kila muhula unapokaribia kuisha, vyuo vyetu hukumbuka afya ya akili. Wanafunzi huitwa ukumbini, mtoa mada akaeleza namna ya kuvuta pumzi, kulala mapema na kupanga ratiba ya kujisomea. Ushauri huo ni sahihi. Ninachokikataa ni dhana iliyo chini yake, kwamba msongo wa mitihani umo kichwani mwa mwanafunzi na dawa yake ni yeye kujirekebisha. Sehemu kubwa ya presha ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, inatengenezwa ofisini, kwa ratiba na taratibu, na ingeweza kupunguzwa huko huko bila kulainisha swali hata moja.

Tuanze na ada. Katika vyuo vingi hapa Tanzania, mwanafunzi haruhusiwi kuingia kwenye mtihani mpaka awe amemaliza kulipa. Pita nje ya ofisi ya uhasibu siku moja kabla ya UE uone foleni. Kijana ameshika simu, anaonyesha ujumbe wa benki kwamba mzazi amelipa tangu juzi, na anajibiwa kuwa malipo hayajasoma kwenye mfumo, arudi saa nane. Saa nane anarudi. Daftari liko kwapani na hajalifungua tangu asubuhi. Mwenzake anasubiri bumu, fedha yake ya kujikimu ya mkopo, lililochelewa, na hajala. Usiku wa siku hiyo wote wawili watakesha kufidia muda uliopotea, kisha asubuhi tutawaambia kwamba hawajui kupangilia muda wao.

Kisha kuna alama za muhula. Utaratibu uliozoeleka ni alama 40 za majaribio na kazi za darasani, na 60 za UE. Mwenye 31 kati ya 40 na mwenye 17 wanahitaji maandalizi tofauti kabisa, lakini mara nyingi hakuna kati yao anayejua alama zake, kwa sababu zinabandikwa usiku wa kuamkia mtihani au zisibandikwe kabisa. Mwanafunzi anaingia akipambana na somo pamoja na giza. Mhadhiri mwenye darasa la watu mia nne ana sababu zake za kuchelewa kusahihisha, nami namwonea huruma. Ila huo ni upungufu wa wasahihishaji, na chuo kinautibu kwa kuajiri, maana hakuna semina ya kuvuta pumzi itakayoleta matokeo ya jaribio la pili.

Na kila alama ina uzito unaovuka chuo. Kwenye mizani yetu ya GPA yenye kilele cha 5.0, anayepata 3.5 ana daraja la pili la juu, na anayepata 3.4 ana daraja la pili la chini. Pengo hilo dogo linaweza kumfungia mtu mlango hata baada ya kuhitimu. Chini zaidi kuna sapu, mtihani wa kurudia somo ulilofeli, na chini ya sapu kuna kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Aliyedisko mkopo wake unasimama, lakini deni alilokwisha kulichukua halifutiki. Anarudi nyumbani, kwa watu waliouza shamba au kuchangishana ukoo mzima ili aende chuo, akiwa na deni na bila cheti. Hofu ya kijana huyo si ya kufikirika, na kumwambia atulie ni kumpuuza.

Lipo jambo jingine tunalolinyamazia. Jioni kaa jirani na kimbweta, benchi la nje wanakojisomea wanafunzi, usikilize diskasheni. Utamkuta binti anaeleza kwa Kiswahili kwa nini mfumuko wa bei unapanda benki kuu inapoongeza fedha kwenye mzunguko, anaeleza mpaka aliyekuwa haelewi anatikisa kichwa. Mwambie ayaandike hayo kwa Kiingereza, kama atakavyotakiwa asubuhi, uone kalamu inavyosita. Shule ya msingi yote aliisoma kwa Kiswahili. Ukumbini anafanya mitihani miwili kwa muda wa mmoja, na ule wa lugha haumo kwenye ratiba. Wa kuujibu ni watunga sera, wala haujibiki kwa mazoezi ya kutuliza moyo.

Wahadhiri wakongwe husema nasi tulisoma hivyo hivyo, na daktari asiyeweza kustahimili mtihani hatastahimili chumba cha upasuaji. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Tangu majaribio ya Yerkes na Dodson ya mwaka 1908, wanasaikolojia wameshikilia kwamba msukumo wa kiasi husaidia kujifunza, na ukizidi kwenye kazi ngumu huharibu. Basi mtihani uwe mgumu, uwe mgumu kweli. Lakini foleni ya uhasibu haimfundishi mtu anatomia, na kubana mitihani mitatu ndani ya siku mbili hakumpi daktari ustahimilivu wowote. Kunampa usingizi kazini.

Kwa upande wa mwanafunzi, ushauri unaofaa ni mfupi. Alale, kwa sababu ubongo huimarisha usiku kile ulichokisoma mchana, na anayekesha kwa vinywaji vya kuongeza nguvu anamwaga alichokusanya. Na ajiulize maswali badala ya kurudiarudia madesa kwa macho. Utafiti wa Roediger na Karpicke, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena. Watu wa kimbweta, kwa kuulizana, wanafanya hivyo tayari.

Hao hao ndio msaada wa kwanza, maana anayezidiwa huonekana kwanza na mwenzake wa chumbani. Kwenda kwa mshauri nasaha bado ni aibu, wakati jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, linatumika mitaani kama tusi. Mahali pengine ofisi inayosikiliza ndiyo inayoshughulikia nidhamu, na hakuna atakayefungua moyo hapo. Na kwa aliyefikia kutaka kujiua, ipo pia hofu ya sheria. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Hapa kwetu Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa, na sheria ya namna hiyo humfunga mdomo yule yule tunayemwomba aseme.

Seneti inaweza kuamua katika kikao kimoja kwamba alama za muhula zitoke wiki mbili kabla ya UE, mambo ya ada yafungwe kabla ya wiki ya mwisho ya vipindi, na mshauri nasaha asiwe na kiti kwenye kamati ya nidhamu. Naye anayezidiwa muhula huu, kwa ugonjwa, msiba au akili iliyochoka, ajue kwamba kanuni za vyuo zina nafasi ya kuahirisha mtihani. Aende kwa mshauri wa wanafunzi na kituo cha afya, aandike barua kabla ya kuingia ukumbini. Akishakaa na kujibu, ni vigumu sana ombi hilo kusikilizwa.